Droni juu ya nyumba yako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanajirudia sana kwa hiyo nimeyaweka sehemu moja. Sheria zinatofautiana nchi na nchi, hapa nataja kesi za nchi kadhaa ili uone mahakama zinavyofikiri, ukiwa na kesi yako mwenyewe tafuta wakili wa kwenu. Msimamo wangu nausema mapema kabisa: watu wengi wanagombania hewa, wakati haki yao yenye nguvu iko kwenye kile ambacho kamera inachukua. Ukianza na hewa utazunguka sana.

Droni ikipita juu ya kiwanja changu, si tayari imeingia kwangu bila ruhusa?

Kupita tu, mara nyingi hapana. Najua jibu hili linaudhi, maana mtu akiruka ukuta wako huulizi mara mbili, ila juu ni tofauti.

Zamani wanasheria wa Ulaya walikuwa na kanuni ya Kilatini kwamba mwenye ardhi anamiliki kuanzia chini kabisa mpaka mbinguni, na ikadumu karne na karne kwa sababu hakukuwa na mtu anayepita huko. Ndege zilipoanza ikaonekana haiwezekani, yaani kila safari rubani aombe ruhusa kwa wenye mashamba wote njiani? Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 ukaweka kwamba kila nchi ndo yenye mamlaka kamili kwenye anga lake, na ibara ya 8 inataja hata ndege zisizo na rubani. Kwa hiyo anga ni la serikali, wewe unabaki na kipande cha chini.

Hicho kipande changu kinafika wapi? Mita ngapi?

Hapa ndo kwenye utata wote, na ukiona mtu anakutajia namba moja kwa uhakika kwamba hii ni ya dunia nzima, usimwamini.

Kesi inayotajwa kila mahali ni ya Marekani, ya mwaka 1946, inaitwa United States v. Causby. Mfugaji wa kuku North Carolina alikuwa karibu na uwanja uliokuwa unatumiwa na ndege za jeshi, zinapita kama futi 83 juu ya eneo lake, yaani mita 25 hivi, kuku wanaruka kwa hofu wanajigonga ukutani wanakufa, biashara ikafa pia. Mahakama ya Juu ikasema mambo mawili kwa pamoja: ile kanuni ya mpaka mbinguni haina nafasi tena dunia ya leo, LAKINI mwenye ardhi ana haki na ile hewa ya karibu anayoweza kuitumia, akalipwa. Namba rasmi haikuwekwa.

Uingereza nao miaka ya 1970, kesi ya Bernstein v Skyviews. Kampuni ilipiga picha nyumba ya Lord Bernstein kutoka kwenye ndege alafu ikaenda kumuuzia yeye mwenyewe hiyo picha (ujasiri huo!). Akashitaki, akashindwa. Jaji akasema haki yako ya juu inaishia kwenye urefu unaohitajika kuitumia ardhi yako kawaida. Ila akaongeza kitu ambacho watu wanakisahau, kwamba kama mtu angekuwa anaichunguza nyumba yako kutoka juu mfululizo na kupiga picha kila unachofanya, mahakama ingeweza kuona hiyo ni kero inayoshitakika.

Sasa droni zimekuja kukaa palepale katikati. Ndege za kawaida kwa kanuni za nchi nyingi hazishuki chini ya futi 500 zikiwa safarini, na juu ya miji futi 1,000. Droni kwa upande wake Marekani, Uingereza na Umoja wa Ulaya zinawekewa mwisho wa mita 120 au futi 400. Kwa hiyo zinaishi kati ya paa lako na njia ya ndege, kwenye tabaka ambalo kesi za zamani hazikuwahi kulimaliza kwa sababu halikuwa na wateja.

Kamera yake inaona nini kwa kweli? Anaweza kuona uso wangu?

Inategemea urefu na lenzi, na hesabu yake ni rahisi. Droni nyingi za kawaida zina lenzi pana. Ikiwa mita 100 kutoka ulipo, picha moja inameza upana wa kama mita 150. Video ya 4K (zile kali za siku hizi) ina pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, 3,840 kwa upana, ukigawa unapata pikseli 25 hivi kwa kila mita, uso wa mtu wa sentimita 15 unabaki na pikseli kama nne. Pikseli nne sio sura, anajua tu kuna mtu amesimama, labda na rangi ya shati. Ikiwa mita 10 uso huohuo unapata karibu pikseli 40 na hapo watu wanaokufahamu watakutambua.

Tatizo ni kwamba siku hizi kuna droni zenye lenzi ya pili ya kuvuta mbali. Ukivuta mara 7 kutoka mita 100 ni kama ameshuka mpaka mita 14, na wewe huku chini hujui maana mlio ni uleule mdogo. Ndo maana mimi siridhiki na sheria zinazopima urefu peke yake.

Vitu vingine watu wanavyoogopa: sauti, droni nyingi za kawaida hazina hata maiki na hata zingekuwa nayo kelele za mapanga yake yanayozunguka zinafunika kila kitu. Kuona kupitia ukuta, hapana, kamera ya joto inaona joto la juu ya ukuta tu na hata kioo cha dirisha haipenyi. Kamera ya kawaida ndo inapenya kioo, na mchana mwangaza wa nje unakusaidia, ila usiku ukiwasha taa ndani bila pazia unaonekana vizuri sana kutoka nje, kwa droni au kwa mtu aliyesimama barabarani.

Nitajuaje inanichungulia au iko kwenye shughuli zake?

Angalia inavyotembea. Ikipita moja kwa moja kwa spidi na haipunguzi, inapita. Ikienda na kurudi kwenye mistari iliyonyooka, mstari kwa mstari kama mtu anayelima matuta, hiyo inapima ramani, mrushaji huenda hata hakuangalii, programu ndo inaendesha. Ikizunguka paa la jirani polepole, pengine fundi anakagua paa au dalali anapiga picha za kuuza nyumba.

Ya kutilia shaka ni ile inayosimama hewani, inashuka, pua imegeukia madirisha au uani, inaondoka ukitoka nje alafu inarudi kesho saa ileile. Kurudia ndo kitu kikubwa. Tukio moja unaweza kulielezea kwa namna kumi, matukio ya saa ileile wiki nzima yanajieleza yenyewe.

Naweza kuitungua? Risasi, jiwe, manati, mpira wa maji?

Hapana. Hapana hata kama uko kwako na umechoka.

Kwanza nchi nyingi droni inahesabiwa ni chombo cha anga, na Marekani sheria ya kuharibu ndege inaweza kukufikisha mpaka miaka 20 gerezani. Pili ni mali ya mtu, utalipa. Tatu risasi ikikosa inaenda kutua mahali, na droni ikipigwa inaanguka na betri ya lithiamu ambayo ikiumia inaweza kuwaka moto, labda juu ya paa lako mwenyewe.

Kuna mtu atakuja kusema mbona Kentucky yule jamaa aliitungua na akaachiwa. Kweli, mwaka 2015 mtu mmoja aliipiga droni juu ya uwanja wake kwa shotgani na hakimu wa pale akafuta mashtaka ya jinai. Mwenye droni akaenda mahakama ya shirikisho akitaka iamuliwe hewa ile ni ya nani, na mwaka 2017 kesi ikatupwa kwa sababu za mamlaka ya mahakama, swali lenyewe halikujibiwa. Kwa hiyo hiyo sio ruhusa, ni bahati ya mtu mmoja. Florida mwaka 2024 mwingine akapiga risasi droni ya mizigo ya maduka ya Walmart, yeye akakamatwa akafunguliwa mashtaka.

Na vile vifaa vya kuvuruga mawimbi?

Marufuku karibu kila mahali kwa mtu binafsi, maana havichagui, unakata mawasiliano ya droni na ya majirani pia, pengine na simu ya mtu anayepigia gari la wagonjwa. Usinunue.

Basi ni sheria gani inanilinda?

Ziko nyingi kuliko watu wanavyodhani, ila zimetawanyika.

Ya kwanza ni faragha yenyewe. Katiba nyingi zinaitaja moja kwa moja, mfano ya Kenya ya 2010 ibara ya 31, na ya Tanzania ibara ya 16. Juu ya hizo kuna sheria za taarifa binafsi, Kenya na Uganda zote za mwaka 2019, Tanzania ya mwaka 2022, Ulaya wana yao inaitwa GDPR. Picha au video ambayo mtu anaweza kutambulika ni taarifa binafsi, basi. Aliyeichukua akitumia kifaa kinachoruka au simu ya mkononi hakuna tofauti.

Ya pili ni kero kati ya majirani, na hapa kuna kesi naipenda sana. Jumba la makumbusho la Tate Modern pale London lilijenga baraza la kutazamia mji, watalii wakawa wanatazama na kupiga picha ndani ya fleti za vioo zilizo jirani. Wenye fleti wakaambiwa na mahakama za chini kwamba kutazama tu sio kero, tena si waweke mapazia. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikasema hapana, kutazamwa kupita kiasi kunaweza kuwa kero na mtu halazimiki kujifungia gizani nyumbani kwake. Kesi haikuhusu droni hata kidogo, ila mtu mwenye droni inayosimama kila jioni mbele ya dirisha la mtu asome vizuri.

Ya tatu ni sheria zilizotungwa makusudi. California mwaka 2015 walirekebisha sheria yao ili mtu anayeingia kwenye hewa iliyo juu ya ardhi yako bila ruhusa, kwa lengo la kukurekodi ukiwa kwenye mambo yako binafsi, kwa namna ambayo mtu wa kawaida angeona ni udhalilishaji, unaweza kumdai fidia. Angalia walivyofanya: hawakusema hewa yote ni yako, walibana hewa PAMOJA na kamera. Kwangu hii ndo njia yenye akili.

Na ya nne ni kanuni za usafiri wa anga zenyewe, kurusha ovyo, kupita juu ya mikusanyiko ya watu, kurusha bila usajili. Hazikulindi faragha moja kwa moja lakini mara nyingi ndo rahisi kumkamatia mtu.

Jirani anasema ni hobi yake tu, kwa hiyo hizo sheria za taarifa hazimhusu. Ni kweli?

Nusu kweli. Sheria nyingi za taarifa binafsi zinasamehe matumizi ya nyumbani, mfano video ya harusi ya binamu yako. Lakini mahakama ya Umoja wa Ulaya mwaka 2014 kwenye kesi ya Ryneš ilisema kamera ya mtu iliyofungwa nyumbani kwake ikiwa inachukua mpaka barabara ya umma, hiyo sio shughuli ya nyumbani tena. Sasa kama kamera iliyogandishwa ukutani imetolewa kwenye msamaha, yenye mapanga inayoweza kwenda uani kwa mtu ina hoja gani? Na akishapandisha mtandaoni msamaha wa hobi unakuwa mwembamba zaidi.

Ila kabla ya yote, ongea naye. Sitanii. Wengi hawajui lenzi yao inachukua nini pembeni, na mlio ule wao wameuzoea hawajui ulivyo kero upande wa pili. Nenda wakati droni iko chini, mwambie nionyeshe ulichorekodi jana, mara nyingi ishu inaisha hapohapo.

Ameshindikana. Nikusanye ushahidi gani?

Watu wanakosea hapa, wanaleta klipu ya sekunde sita yenye kidoa cheusi na anga la bluu. Hiyo haimsaidii mtu.

Simama sehemu moja, rekodi kwa upana bila kuvuta, na hakikisha kona ya paa au nguzo iko kwenye picha pamoja na droni, bila kitu cha kulinganisha hakuna anayeweza kukadiria urefu. Ghorofa moja ni kama mita tatu, kwa hiyo ukiwa na jengo kwenye picha makadirio yanawezekana. Taja tarehe na saa kwa mdomo huku unarekodi. Usikate video, iache iendelee mpaka droni inaondoka na uelekeo inaoelekea uonekane. Alafu uwe na daftari, kila tukio siku, saa, dakika ngapi ilikaa, ilisimama wapi, nani mwingine aliona. Daftari la kawaida lililoandikwa siku kwa siku lina uzito kuliko kumbukumbu ya mwezi mzima uliyoiandika jana usiku ukiwa na hasira.

Kama inashuka karibu na madirisha ya watoto au bafu usisubiri daftari lijae, nenda polisi siku hiyohiyo. Kuchungulia mtu akiwa mtupu ni jinai sehemu nyingi bila kujali kifaa kilichotumika.

Nitampataje anayeirusha?

Yuko karibu. Kanuni nyingi zinamtaka awe anaiona droni kwa macho yake, na betri nyingi zinaisha ndani ya dakika 20 mpaka 40 hivi, kwa hiyo lazima irudi. Ifuate kwa macho inakotua.

Kuna pia mfumo wa utambulisho wa mbali, umeanza kuwa lazima kwa droni nyingi Ulaya na Marekani mwaka 2024. Droni inatangaza kwa Bluetooth au Wi-Fi namba yake, mahali ilipo, na mahali mrushaji alipo au iliporukia, na ziko apu za simu za kuisoma ukiwa karibu. Jina lake hutaliona, namba ndo utaipeleka kwa mamlaka wao wakatafute. Droni ndogo za burudani chini ya gramu 250 mara nyingi hazibanwi na hili, na mwenye nia mbaya anaweza kutumia ya zamani. Na tafadhali, ukiona eneo lake kwenye simu usiende na rungu, wewe ndo utakuwa mshitakiwa.

Kila usiku naona taa imesimama juu ya mtaa wetu. Ni droni?

Ikikaa saa mbili palepale, hapana, hakuna droni ya kawaida yenye betri hiyo. Inaweza kuwa sayari ya Zuhura, au ndege inayokuja usawa wako moja kwa moja ambayo inaonekana kama imeganda. Mwishoni mwa 2024 New Jersey nzima ilikuwa macho juu, maelfu ya taarifa zikapelekwa, na mamlaka za Marekani zikasema nyingi walizochunguza zilikuwa ndege za kawaida, helikopta, droni halali na hata nyota.

Polisi na serikali je, wanaweza kurusha juu ya kwangu?

Marekani kesi za zamani ziliwapa nafasi kubwa: mwaka 1986 ndege futi 1,000, mwaka 1989 helikopta futi 400, mahakama ikasema polisi kutazama uani kwa mtu kutoka huko hawahitaji kibali. Lakini mwaka 2001 ilipokuja kamera ya joto iliyoelekezwa kwenye nyumba ikasema huo ni upekuzi, kibali kinahitajika. Droni zenye kila aina ya kamera zinakaa kati ya hayo mawili na majimbo kadhaa yameamua kutunga sheria zao badala ya kusubiri. Ufaransa, Mei 2020, baraza lao la juu la sheria za utawala liliamuru polisi wa Paris waache kutumia droni kufuatilia watu wakati wa kufungiwa kwa corona, kwa sababu zilikuwa na uwezo wa kutambua watu bila mfumo wa kisheria nyuma yake.

Huko huko Ufaransa mamlaka ya kodi ilitumia picha za angani na programu ya kompyuta, mpaka 2022 wakawa wameshagundua mabwawa ya kuogelea kama 20,000 ambayo wenyewe hawakuyatangaza. Hazikuwa hata droni. Nakumbusha tu kwamba jicho la juu sio la jirani peke yake.

Picha ya nyumba yangu ameiweka mtandaoni. Naweza kumlazimisha aitoe?

Paa na ukuta wa nje peke yake, ni ngumu, paa lako lipo tayari kwenye ramani za satelaiti. Ikionyesha wewe, familia, namba ya gari, au ratiba ya maisha yenu, una hoja. Mwandikie kwanza, tumia kitufe cha kuripoti, piga skrini shoti kabla hajafuta, alafu nenda kwa mamlaka ya taarifa binafsi.

Mimi nimepanga tu, nina haki yoyote?

Ndiyo. Faragha ni ya anayeishi humo, hati ya nyumba iwe kwa nani haibadilishi. Tena mwenye nyumba naye hana ruhusa ya kukurushia droni ati anakagua mali yake wakati unaanika nguo.

Naweza kuweka kibao cha "droni marufuku"?

Weka. Hakifungi anga, ila kesho hatasema hakujua.

Na mimi ambaye ndo narusha, nifanyeje nisigombane na watu?

Rukia kwenye eneo ambalo una ruhusa ya kusimama. Panda juu kwanza ndo usogee, usipite usawa wa madirisha. Ukipita juu ya nyumba za watu elekeza kamera mbele kwenye upeo wa macho na usianze kurekodi mpaka ufike ulipokusudia, hiyo peke yake inapunguza nusu ya ugomvi. Kama ni kazi ya kukagua paa au kupima kiwanja, gonga mlango wa jirani siku moja kabla umwambie saa na muda, vaa kizibao kinachoonekana, usijifiche kwenye gari maana mtu aliyejificha na rimoti anaonekana mwizi hata kama ana leseni. Mtu akija juu umeshika rimoti mwambie subiri nishushe kwanza, usibishane droni ikiwa hewani. Na akiomba ufute alipotokea yeye, na huna sababu ya msingi ya kubaki nayo, futa mbele yake akiwa anaona skrini, pamoja na ile nakala iliyobaki kwenye simu.